Kichwa Kina Mwenyewe

Oswini Ngonyani aliingia chumbani kwangu akasimama karibu nami kiasi cha kunusa maandazi aliyoyala asubuhi. Nikarudi nyuma hatua moja. Naye akasogea hatua moja, bila kujua kwamba amesogea, huku akiendelea kunisimulia habari za mvua.

"We Mngoni, hebu rudi nyuma," nikamwambia. "Au mnataka kuivamia Iringa mara ya pili?"

"Iringa ina nini cha kuvamia?" akajibu. "Mbwa tu, nao mmeshawala."

Tulikuwa watani, yeye Mngoni wa Peramiho na mimi Mhehe wa Kalenga, na utani wetu haukuwa wa mdomoni tu. Miaka sita iliyopita, tukiwa wapangaji wa nyumba moja, alifiwa na mama yake. Niliruka kaburini kabla jeneza halijashushwa, nikalala chali na gauni langu la kazini, nikagoma kutoka mpaka nipewe kuku. Waombolezaji walicheka huku wanalia. Oswini mwenyewe ndiye aliyenikabidhi jogoo, kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Mtani huingia pasipoingiwa na mtu, huchukua asichopewa, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia.

Siku hiyo, hata hivyo, sikucheka. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa chai na mgeni, husubiri kwanza niione ikishuka kooni mwake. Na mtu anayesimama puani pa mwenzake bila kuhisi kitu, katika kazi yangu ya kutunza vifaa vya ubongo, ni dalili.

"Kaa," nikamwambia. "Leo tunaangalia sura."

Nikamwonyesha picha za nyuso, moja moja. Aliyefurahi akamtambua. Mwenye huzuni akamtambua. Mwenye hasira akambishia kidogo, kisha akamtambua. Nikamwekea mwanamke aliyetoa macho, nyusi juu, midomo imekauka kwa woga. Oswini akainamisha kichwa upande.

"Huyu kaona mgeni," akasema. "Au kasahau kitu. Sijui. Kawaida tu."

Kipimo changu kilikuwa kinafuatilia mboni zake. Katika picha zote hakuangalia macho hata mara moja. Alikuwa anasoma midomo, kama mtu anayesoma bahasha akaacha barua ndani.

Nikawasha meza. Ubongo wake ukajitokeza hewani kati yetu, rangi ya kijivu, nazo nyaya mbili za Tulizo, kifaa cha kutuliza hofu, zikionekana ndani yake, nyembamba kuliko nywele. Kila waya uliishia kwenye amigdala moja, kwa maana tunazo mbili, kushoto na kulia, kila moja ukubwa wa lozi, zimejificha ndani kabisa ya kichwa usawa wa masikio, mbele ya ghala la kumbukumbu. Watu hudhani ni kidude kimoja chenye kazi moja ya kuogopa. Si kweli. Ni mtaa mzima. Upande mmoja hupokea habari kutoka kwenye macho, masikio na ngozi, na hujifunza: hiki kiliwahi kukuumiza, hiki hapana. Upande wa pili hutoa amri: moyo, kimbia, jasho, toka, mguu, ganda. Habari hufika huko kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mkato, ya harakaharaka na yenye makosa mengi, inayokufanya uruke ukiona kamba ukadhani nyoka. Ya pili huzunguka juu, kwenye sehemu zinazofikiri, na ndiyo inayokuambia utulie, ni kamba.

Tulizo lilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao njia ya mkato ilikuwa imewageuka. Oswini alikuwa mmoja wao. Miaka mitatu iliyopita, katika ujenzi wa bwawa la Ilindi, handaki liliwafukia watu saba. Yeye alitolewa hai baada ya saa kumi na tisa, akiwa ameushika mkono wa rafiki yake Kosmas, mkono uliokuwa umepoa tangu asubuhi. Baada ya hapo hakuweza kufunga mlango wa choo. Alilala barazani mwaka mzima, mvua na jua. Tulipomwekea Tulizo kwenye daraja la nne, alifunga mlango wa choo, akakaa humo nusu saa akiimba nyimbo za kanisani, na mkewe akatupigia simu akilia kwa furaha.

Daraja la nne. Ndilo lililoandikwa kwenye cheti chake; kadiri daraja linavyopanda ndivyo hofu inavyozimika. Nikafungua kumbukumbu za kifaa. Siku nyingi lilikuwa nne. Lakini mara kumi na moja, katika miezi mitatu, lilipanda mpaka nane. Nikalinganisha tarehe. Zote kumi na moja zilikuwa siku za yeye, sasa mkaguzi wa bwawa lilelile, kuingia ndani ya ukuta kuukagua.

Sikumwambia kitu. Mtu aliyezoea nane ukimpa siri huigawa kama pipi. Kama kulikuwa na mtu pale bwawani anayempandisha ili akubali kila anachowekewa mbele, ningekuwa nimempigia mtu huyo kengele.

Oswini alipofika mlangoni aligeuka. "Mtani, nakuomba tena. Usije ukanipunguza."

"Rekodi inasikia, ujue."

"Na isikie. Mimi, Oswini Ngonyani, sitaki mtu yeyote apunguze kifaa changu bila ruhusa yangu. Yeyote. Hata huyu mla mbwa."

Nyuma yake, juu ya mlango, yalikuwa yameandikwa maneno ambayo kila fundi wa kituo chetu huapa kwayo siku ya kwanza: KICHWA KINA MWENYEWE.

* * *

Daktari Eliaika Mmbaga, mkuu wa kituo, alinisikiliza huku anamenya chungwa. Ni mwanamke mpole. Mpole mno, kwa maoni yangu ya wakati ule.

"Funguo za kifaa ni tatu," nikamwambia. "Wako, wangu, na wa mgonjwa. Wangu haujatumika."

"Wangu pia. Soma hapo chini, Otilia. Kumbukumbu inasema ni ufunguo wa mwenyewe."

"Funguo huazimwa, daktari. Huibwa pia."

Akanikatia kipande cha chungwa. "Wewe ukimwona mtu anasali, utauliza anamwombea nani mabaya." Nikalishika lile chungwa bila kulila. Akaguna. "Haya. Sheria inataka mgonjwa aangaliwe akiwa kazini mara moja kila baada ya miaka miwili. Yake imefika. Nenda naye Ilindi kesho ukaone kwa macho yako. Ila nenda kuona tu."

Kesho yake, Alhamisi, saa tatu asubuhi nilikuwa ofisini kwa Injinia Pius Kabenga, meneja wa bwawa. Alinipokea kwa heshima zote: karibu dada, pole na safari dada, chai ya tangawizi hii hapa dada. Nikaiangalia ile chai mpaka alipokunywa ya kwake. Dirishani kwake ziwa lilikuwa upande mmoja, na upande wa pili, chini sana, mji wa Mkalanga: mabati, minara miwili ya misikiti, kanisa, na watoto wa shule wenye sweta za kijani wakiwa mchakamchaka. Watu elfu nane.

"Ngonyani ndiye ninayemtegemea," Kabenga akasema. "Mashine zinahesabu tu maji yanayovuja. Kuugusa ukuta ni yeye peke yake. Kesho Ijumaa akitia saini, tunafunga milango na kujaza mita kumi na moja zilizobaki."

"Na asipotia?"

"Kwa nini asitie?" akauliza, akatabasamu. "Hajawahi kukataa."

Hilo tabasamu nililichukia. Nikajiambia: ndiye huyu. Nikamfikiria akiwa na ufunguo ndani ya droo, amemkalisha mtani wangu kwenye kiti hikihiki, anampandisha taratibu kama mtu anayeongeza sauti ya redio. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya mashtaka kichwani wakati Oswini alipokuja kunichukua.

Tulishuka kwa lifti mpaka kwenye mlango wa chuma, mwanzo wa ushoroba mwembamba unaopita ndani kwa ndani ya ukuta wa bwawa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Oswini akanifunga kofia yenye taa, akakaza mkanda wa kidevuni mwangu kama ananifunga mtoto. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa kitufe cha Tulizo anachokivaa kama rozari, akakibonyeza. Mara moja. Mbili. Tatu. Nne.

Nikamdaka kifundo cha mkono. "Nani kakufundisha hivyo?"

"Kufundishwa nini? Kubonyeza?"

"Kabenga ndiye anayekuambia upande mpaka nane?"

Alinishangaa kweli. "Kabenga? Kabenga hajui hata hiki ni nini, anadhani ni rozari. Mtani, na nne nafunga mlango wa choo. Na nne hapa siingii. Nilijaribu mara ya kwanza, nikajikojolea palepale uliposimama. Bila nane sina kazi, na mimi kazi hii naijua. Nimekaa kwenye zege tangu nina miaka ishirini."

Nikamwachia mkono. Nilikuwa nimemshuku daktari, nikamshuku meneja, nimeshuku mpaka chungwa. Mtu pekee ambaye sikumshuku alikuwa yeye mwenyewe, na ndiye. Niliona aibu. Lakini hofu yangu haikupungua, ikazidi, kwa sababu mwizi ungemkamata. Huyu ungemkamata kwa kosa gani?

Akafungua mlango, akatangulia.

* * *

Ndani mlikuwa na baridi na sauti ya maji yanayotiririka kwenye mifereji midogo kandokando ya sakafu. Mifereji ilikuwa kumi na miwili, kila mmoja ukikusanya maji yanayopenya kipande chake cha ukuta, na kila mmoja ukiwa na kipimo chake. Bwawa lolote huvuja kidogo, Oswini akanieleza, kama vile mtu lazima atokwe na jasho. Kazi ni kujua jasho la afya na jasho la homa.

"Mfereji wa kwanza, lita tatu kwa dakika. Kawaida." Akaandika. "Wa pili, lita nne. Kawaida."

Alitembea akiwa ameweka kiganja ukutani, kama mtu aliyemwegemea rafiki begani. Alisema kawaida kwenye wa tatu, wa nne na wa tano. Alipoteleza kwenye mwani akacheka. Zege lilipotoa mlio, mimi nikaruka mpaka kofia ikagonga dari. Yeye aliendelea kuandika.

"Umesikia?"

"Ukuta unajinyoosha. Kawaida."

"Mtani, kuna kitu chochote humu kisicho cha kawaida?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Wewe," akasema. "Hujanitukana tangu tuingie."

Mimi si mtu wa zege. Sikujua kama mlio ule ni wa afya au wa homa. Nilichokijua ni kichwa chake. Kwenye nane, habari zinaingia, zinapokelewa, namba zinasomwa sawasawa, lakini hakuna kitu ndani kinachozivuta mkono na kusema, simama, hii iangalie tena. Watu elfu nane walikuwa wamelala juu ya macho ya mtu asiyeweza kutilia shaka. Na kesho angetia saini kwa mwandiko mzuri kabisa.

"Oswini," nikasema, na sikumwita mtani. "Niruhusu nikupunguze mpaka tatu. Dakika tano tu. Nitakushika mkono."

"Hapana."

"Uangalie mara moja tu ukiwa na hofu kidogo."

"Mtani, hapana." Hakukasirika. Sauti yake ilikuwa ileile ya kusoma lita. "Ukinipunguza humu nitakuwa na Kosmas. Wewe hukuwa na Kosmas. Hapana."

Akageuka, akaenda kwenye mfereji wa sita. Mimi nikabaki nyuma, kibao changu cha kazi mkononi, ufunguo wangu ukiwaka kijani. Kama ningepanda juu kumwambia daktari, angesema rudi na idhini. Kabenga angesema mashine zote zinasoma sawa. Wote wangekuwa wakweli, na Ijumaa ingefika.

Hapo ndipo nilipojiambia neno ambalo wengine hawangelifikiria. Nikajiambia: huyu ni mtani wangu. Mtani haibi, mtani anachukua. Nilichukua nafasi ya mama yake kaburini na akanipa kuku. Nitachukua na hili, atanitukana, tutacheka, nitalipa jogoo. Nilijiambia hivyo kwa haraka sana, jinsi mtu anavyofunga mlango asiione sura ya aliye nje.

Nikagusa kibao. Saba. Sita. Tano.

Kwenye tano aliondoa kiganja ukutani, akakipangusa kwenye suruali. Kwenye nne alinyamaza katikati ya namba. Kwenye tatu pumzi yake ikabadilika, nikaisikia ikikwama juu kifuani, nikaona shingo yake ikilowa chini ya mwanga wa taa yangu. Amri zilikuwa zinatoka tena, moja baada ya nyingine, baada ya ukimya mrefu. Alijishika kwenye reli. Nilitaka kulia. Nilitaka kumrudisha, na kidole changu kilikuwa juu ya kibao tayari, ndipo nilipomwona ameinama kwenye mfereji wa saba.

Hakuwa anaangalia kipimo. Kipimo kilisema lita nne, kama siku zote. Aliangalia maji. Akachovya vidole, akavisugua kimojakimoja mbele ya taa. Akachovya tena.

"Mtani," akasema bila kugeuka. "Umenigusa?"

Nawaambia ukweli, swali hilo lilinikuta sijajiandaa. Nikisema ndiyo, angejua hofu ile ni ya kutengenezwa. Angebonyeza kitufe chake mara tano, angerudi nane, na maji yangekuwa kawaida. Nikisema hapana, angeamini kwamba hofu imepenya Tulizo kwa nguvu zake yenyewe, kwa sababu ya kitu alichokiona, naye angeisikiliza. Uwongo mmoja kwa watu elfu nane. Na mimi ndiye niliyeishi maisha yangu yote nikiwatuhumu wengine kudanganya.

"Sijakugusa," nikasema.

Akageuka. Akanyanyua mwanga wa taa yake usoni pangu, akaniangalia. Si midomo. Macho. Kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe, Oswini aliniangalia ndani ya macho, akakaa hapo.

"Unadanganya," akasema.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Unadanganya, na unaniogopa. Naona vyote viwili." Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe kifuani. Meno yalikuwa yanagongana. "Nilikuambia hapana. Mara mbili."

"Rudisha," nikasema. "Bonyeza, urudi nane. Haki yako. Ila kwanza niambie ulichokiona."

Hakubonyeza. Akafumba macho, midomo ikamchezacheza, nadhani alikuwa anazungumza na Kosmas. Alipoyafumbua, alisema polepole, akipanga neno baada ya neno kama mtu anayevuka juu ya mawe.

"Miaka miwili sijamwona mtu akinidanganya. Nilidhani watu wameacha. Sasa nimeona, na nimeona sawa. Basi macho yanafanya kazi. Kama hofu hii ingekuwa ya kichwa tu, ningeogopa ukuta mzima. Siogopi wa sita. Siogopi wa tano." Akaelekeza kidole chini. "Naogopa huu."

Akamwaga maji ya kunywa yaliyokuwa kwenye chupa yake, akaikinga kwenye mfereji wa saba, akaiweka juu ya reli, tukaingoja. Kwa macho ya haraka ungesema ni maji safi. Baada ya dakika chache chini ya chupa pakawa na utando mwembamba, laini, rangi ya ugali wa ulezi.

"Huo ni udongo wa chini ya ukuta," akasema. "Maji yakitoka meupe, yanavuja. Yakitoka na udongo, yanachimba. Sijui yameanza lini. Wiki iliyopita nilisoma lita nne nikaondoka."

Alitembea mpaka kwenye kituo cha dharura, hatua arobaini labda, ameushika ukuta kwa mikono yote miwili, anahema kama mama anayejifungua. Nilitaka kumshika. Akaukataa mkono wangu. Akavunja kioo, akavuta wenzo mwekundu, na juu yetu, kupitia zege lote lile, tukasikia king'ora cha Mkalanga kikianza.

* * *

Watu walipanda mlimani mchana ule na watoto wenye sweta za kijani, mbuzi, magodoro, na mzee mmoja aliyebebwa pamoja na kiti chake. Kabenga ndiye aliyefungua milango ya maji, na ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na kipaza sauti mpaka sauti ikamkauka. Lile tabasamu lake lilikuwa tabasamu tu. Siku ya tano, maji yaliposhuka vya kutosha, walitoboa nyuma ya mfereji wa saba wakakuta pango ambalo ng'ombe wawili wangelala ndani yake. Wataalamu walisema kwa mita kumi na moja za ziada ukuta usingemaliza mwezi.

Siku ya sita nilipokea barua. Oswini Ngonyani alikuwa amenishtaki kwenye Kamati ya Maadili ya kituo.

Tulikutana kwenye ukumbi mdogo, saa nne asubuhi, mlango ukiwa wazi kwa sababu yeye aliomba uachwe wazi. Alikuwa amejiweka kwenye daraja la pili. Jasho lilimtoka, naye alilifuta kwa leso iliyokunjwa vizuri, akaketi wima. Mbele yetu walikuwa watu watatu: Daktari Mmbaga, mwanasheria, na Bwana Nyenza, mwakilishi wa wilaya, Mhehe mwenzangu, mtu wa kitambi na roho nzuri.

Bwana Nyenza ndiye aliyeanza. "Jamani, mimi nimeambiwa hawa ni watani. Sasa watani tangu lini wanapelekana kamatini? Na bwawa si limeokolewa? Dada atoe jogoo, tule, yaishe." Watu wakacheka. Hata mwanasheria. Nami niliona mlango umefunguliwa mbele yangu, mpana kabisa, na kazi yangu ya miaka tisa ikiwa salama upande wa pili.

Oswini alisimama. Alishika kiti.

"Kuhusu bwawa, Bwana Nyenza amesema kweli, nami namshukuru fundi huyu mbele yenu," akasema. "Shtaka langu si la bwawa. Mtani akichukua kiatu changu, natembea peku na kucheka, kwa sababu mguu umebaki wangu. Mimi nilikataa, nikarudia kukataa, na ndani ya kukataa kwangu kulikuwa na marehemu. Huyu aliingia akanirudisha kwa marehemu yule bila ridhaa yangu. Kisha nikamuuliza, akanidanganya. Hofu nitaizoea, nimeshaanza. Lakini sasa kila nikiogopa najiuliza ni mimi au ni kibao cha mtu. Hilo halina jogoo." Akafuta uso. "Mtani hashtakiwi. Najua. Ndiyo maana nimeanza kwa kuukata utani, jana, mbele ya mke wangu na wazee wawili. Leo namshtaki mtu baki."

Daktari Mmbaga alinigeukia, macho yake mekundu.

"Otilia, unaweza kusema ilikuwa utani. Mila inaukubali, na kamati hii italazimika kuuzingatia. Ilikuwa utani?"

Ningeweza. Neno moja tu. Nilimwangalia Oswini, naye akaniangalia machoni, na nikajua kwamba nikidanganya ataona.

"Haikuwa utani," nikasema. "Nilijisingizia utani. Nilijua amekataa."

"Na ukirudishwa pale, ungefanya tena?"

Niliwafikiria watoto wa sweta za kijani. Nilimfikiria yeye ameshika reli, shingo imelowa, anazungumza na maiti.

"Ningefanya tena," nikasema. "Na ningestahili tena kukaa kwenye kiti hiki."

Walininyang'anya ufunguo palepale. Daktari Mmbaga aliuzima yeye mwenyewe, na ile taa ya kijani niliyoishi nayo miaka tisa ikafa kiganjani mwake. Mwanasheria akasoma hukumu: sitagusa tena kichwa cha mtu, maisha. Niliisikia ikisomwa na sikulia. Nilikuwa nimeitarajia.

Nilipokuwa nakusanya mkoba wangu, Oswini alinikaribia. Alisimama mbali, hatua mbili kamili, umbali wa watu wazima wasiofahamiana vizuri. Nikangoja tusi. Nilikuwa tayari kulipokea lolote, mbwa, kaburi, babu zangu wote.

"Asante kwa kusema kweli, Bi Kihwele," akasema.

Tangu tufahamiane hakuwahi kuniita Bi. Nilitafuta la kumjibu, na nililolipata ni moja tu.

"Karibu, Bwana Ngonyani," nikasema, nikampisha atangulie kutoka.